Kilicho Dhahania ni Anwani

Istilahi inayopotosha ina madhara makubwa kuliko neno la mkopo lisilopendeza masikioni. Neno la mkopo humwambia msomaji, "Mimi ni mgeni, niulize nilikotoka." Istilahi mbovu humvika mgeni kanzu ya mwenyeji, na msomaji akadhani wamekwisha fahamiana. Nayasema haya kwa sababu sisi wapenzi wa Kiswahili tumebishana miaka mingi kama chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kwa maoni yangu, ubishi huo umetumalizia nguvu mlangoni, ilhali ndani ya nyumba mna vyombo vingi ambavyo hatujavitia majina, na vingine tunavitia majina kabla ya kuvitazama. Naomba leo tuingie chumba kimoja tu cha ndani: namna kiini cha mfumo endeshi kinavyotunza majedwali ya kurasa za kumbukumbu.

Msomaji aliyezoea kukutana hapa na vina na mizani atauliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu, tena kwa karibu. Simu za Android huendeshwa na kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hapa Isikizya, kama kwingineko wilayani Uyui, mkulima wa tumbaku na mrina asali wanaweza kupokea na kutuma fedha kwa simu ya aina hiyo. Programu ya mchezo aliyoipakua kijana wake haiwezi hivi hivi kusoma namba ya siri inayoandikwa katika programu ya fedha, na kizuizi kimojawapo kikuu ni majedwali haya. Jambo linalolinda akiba ya mkulima lastahili kuelezeka katika lugha ya mkulima.

Tuanze na mizigo. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilitegemea mabega na vichwa vya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Vitambaa, shanga na nyaya vilifungwa katika mizigo ya uzito uliokaribiana, takriban frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Tusiipambe njia hiyo, kwani ilipitisha pia watumwa, na mabega yale yalichoka. Nachukua funzo la ufungaji pekee: mizigo ikilingana, mzigo wowote waweza kubebwa na mpagazi yeyote, na mpagazi akiugua, mzigo wake huhamia kwa mwingine bila shehena nzima kufunguliwa.

Kumbukumbu ya kompyuta hufungwa vivyo hivyo. Data ya programu hukatwa katika vipande vinavyolingana, aghalabu vya baiti 4,096 kila kimoja, na kila kipande huitwa ukurasa. Kumbukumbu halisi, ile iliyo katika vifaa vyenyewe, nayo hugawanywa katika nafasi za ukubwa uleule. Nafasi hizo kwa Kiingereza huitwa kwa jina ambalo sisi tumekwisha kulikopa na kulipa kazi yetu wenyewe: fremu. Nani katika miji yetu asiyejua fremu ya duka? Leo imepangishwa kwa kinyozi, kesho kwa muuza simu. Fremu ni ileile, mpangaji ndiye aliyebadilika. Ukurasa ni mpangaji, fremu ni chumba. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 ina fremu zipatazo milioni moja za namna hiyo, na kiini ndicho mwenye nyumba. Sioni sababu ya kuunda neno jipya mahali ambapo mtaa umekwisha kutupa neno linalofanya kazi.

Sasa lije lile neno gumu. Programu haijui fremu yake ni ipi. Hutumia anwani zake yenyewe, kana kwamba kumbukumbu yote ni mali yake, na programu jirani nayo huweza kutumia anwani zilezile kabisa. Hazigongani kwa sababu kila moja ina jedwali lake, lisemalo: ukurasa huu uko katika fremu ile, waruhusiwa kusomwa, au kuandikwa, au kutekelezwa. Mpango huu wa kurasa ulianza kufanya kazi katika kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Tom Kilburn. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa na fremu 32 tu, kila moja ya maneno 512 ya kompyuta, lakini programu ziliiona kama kubwa zaidi, kwa kuwa kurasa zilizobaki zilingoja katika pipa la sumaku na kuletwa kwa zamu.

Atakayetafsiri jina la mpango huo neno kwa neno atasema "kumbukumbu pepe". Napinga. Pepe limezoeleka katika barua pepe, na hapo lina maana ya kitu kinachosafiri mtandaoni bila karatasi. Hapa hakuna mtandao na hakuna safari ya namna hiyo. "Kumbukumbu dhahania" ni afadhali, kwa kuwa kila aliyesoma sarufi anajua nomino dhahania ni ipi. Lakini nayo yaacha shaka kana kwamba baiti zenyewe ni ndoto. Baiti ni halisi. Kilicho dhahania ni anwani. Tuseme basi "anwani dhahania" na "anwani halisi", na jedwali la kurasa ni chombo cha kutafsiri ya kwanza kuwa ya pili. Mwanafunzi akiyashika maneno hayo mawili, nusu ya somo ameimaliza.

Nusu ya pili ni hesabu, nayo itawapendeza washairi. Katika kompyuta nyingi za mezani na mpakato za biti 64, anwani dhahania hutumia biti 48. Zichukueni kama mizani 48 za mshororo mmoja, zilizogawanywa katika vipande vitano: vinne vya mizani 9 kila kimoja, na cha mwisho cha mizani 12. Kipande cha kwanza huchagua safu katika jedwali kuu. Safu hiyo huelekeza kwenye jedwali la pili. Kipande cha pili huchagua safu humo. Na hivyo hadi jedwali la nne, ambalo hutaja fremu. Zile mizani 12 za mwisho huonyesha baiti ipi ndani ya fremu, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 12 ni 4,096.

Kwa nini majedwali manne, na si moja refu? Kwa sababu anwani za biti 48 zaweza kutaja kurasa 68,719,476,736. Kila safu ikichukua baiti 8, jedwali moja la programu moja lingehitaji gigabaiti 512, yaani kumbukumbu yote ya mashine ingeliwa na daftari la kuitunzia. Kwa mpango wa ngazi, sehemu isiyotumika haina jedwali. Hapo juu huandikwa tu "hapana kitu", na tawi zima halioti. Tazameni pia uzuri huu: jedwali lenye safu 512 za baiti 8 lina baiti 4,096. Jedwali lenyewe latosha katika fremu moja. Daftari la mizigo limefungwa kama mzigo.

Neno la tatu ninalolitilia shaka ni lile linalotafsirika kwa wepesi kuwa "kosa la ukurasa". Kijana mmoja wa jirani, aliye chuoni, alinijia likizo na swali hilo. "Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma kwamba mashine nzima huweza kupata makosa ya ukurasa maelfu kwa muda mfupi. Mbona haifi?" Alikuwa amesoma kwa bidii, lakini neno lilimtuma kumtafuta mkosaji asiyekuwapo. Nilimwambia afikirie bidhaa iliyoachwa katika tembe za Tabora mpaka ihitajiwe Ujiji. Ujiji ikiiulizia na isiione, hapana kosa, pana wito. Programu inapotaja anwani ambayo ukurasa wake haumo katika fremu yoyote, prosesa husimama, humwachia kiini, na kiini hutazama kumbukumbu zake. Ikiwa ukurasa ni halali, hutafuta fremu tupu, huujaza, huandika safu ya jedwali, kisha programu huendelea kana kwamba hapakutokea jambo. Ikiwa anwani si yake, hapo ndipo pana kosa, na programu husimamishwa. Kiingereza kimeyafunika mambo haya mawili kwa neno moja. Sisi hatulazimiki kurithi ukungu huo: la kwanza tuliite "wito wa ukurasa", la pili "uvukaji wa mpaka".

Zaidi ya hayo, maneno sahihi hufichua hatari. Kupanda ngazi nne kila mara ni kazi nyingi, hivyo prosesa huweka daftari dogo la mfukoni lenye tafsiri za karibuni. Kiini kikimwondoa mpangaji katika fremu na kubadili jedwali, hakina budi kufuta pia daftari la mfukoni, tena katika kila prosesa iliyo na nakala ya tafsiri hiyo. Kikisahau, programu ya zamani itaendelea kuingia katika fremu iliyokwisha kupangishwa kwa mwingine, na kusoma au kuharibu mali isiyo yake. Januari 2018 dunia ilitangaziwa udhaifu wa prosesa ulioitwa Meltdown. Kabla ya hapo, ramani ya kiini iliwekwa ndani ya majedwali ya kila programu, ikilindwa na alama ya ruhusa tu; udhaifu ule ulifanya programu ya kawaida iweze kubaini kilichomo nyuma ya alama. Dawa yake katika Linux ilikuwa kutenganisha majedwali, ili programu inapofanya kazi ramani ya kiini iwe karibu yote imeondolewa. Mwanafunzi anayejua mpangaji, fremu na daftari la mfukoni anaweza kuelewa habari hiyo. Aliyekariri majina ya Kiingereza peke yake ataweza kuyaandika katika mtihani, na pengine aishie hapo.

Najua majibu ya pande mbili. Upande wa kwanza husema: sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ajira ni kwa Kiingereza, tuache. Sikatai kwamba mtaalamu wa viini atasoma na kuandika Kiingereza. Lakini nimefundisha Kiswahili na Hisabati kwa miaka mingi, na nimeona jinsi mwanafunzi anavyoweza kutaja kanuni asiyoweza kuieleza. Nilipomtaka aieleze kwa Kiswahili, pengo lilionekana mara moja, na pengo likionekana laweza kuzibwa.

Upande wa pili hutaka kila neno liwe na asili ya Kibantu. Hao nawaomba watazame maneno tuliyotumia. Jedwali na anwani yalitoka Kiarabu, fremu ilitoka Kiingereza, kiini ni chetu tangu zamani, na yote manne yamekaa katika sentensi moja bila ugomvi. Usafi wa lugha uko katika kusema jambo likafahamika, na asili ya neno ni suala la baadaye.

Kazi njema zimefanyika. BAKITA lipo tangu 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Lakini orodha za istilahi na tafsiri za menyu hufika sebuleni. Aliyefasiri neno la kubofya halazimiki kujua kinachotokea baada ya kubofya.

Pendekezo langu ni dogo, na halihitaji bajeti. Istilahi yoyote ya elimu ya kompyuta isiingie katika kamusi kabla aliyeipendekeza hajaandika aya mbili za Kiswahili zinazoeleza kazi ya kitu chenyewe, bila neno la Kiingereza, na kuzisoma mbele ya mtu asiye mtaalamu. Msikilizaji akiweza kurudia maelezo kwa maneno yake, neno lipite. Akishindwa, neno lirudi karakanani. Mafundi watuletee kazi, walimu watuletee maswali, nanyi washairi, mliozoea kupima neno kabla ya kulikubali katika kipande, mtuletee mizani yenu.

"Wito wa ukurasa" naliweka mbele yenu kwa masharti hayohayo. Mwenye neno bora alilete, pamoja na aya zake mbili.