Jumuiya nyumbani kwako: wageni wa sala au wageni wa sambusa?

Mwezi huu naomba tuingie sebuleni. Sizungumzii sebule za kwenye picha, zenye vesi la maua na meza ya kioo. Nazungumzia ya kwako wewe, yenye kochi lililobonyea upande mmoja kwa sababu baba watoto hapendi kukaa kwingine akitazama mpira. Ndiyo, hiyo hiyo. Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwako.

Najua wapo ambao wakisikia hivyo tu, usingizi unaruka. Mapazia hayajafuliwa! Vikombe viko sita na viwili havina mkono! Choo cha nje mlango haufungi vizuri! Basi wiki nzima nyumba inakuwa kama kuna posa. Dada wa kazi anasugua sakafu mpaka saa nne usiku, watoto wanafukuzwa sebuleni, na mume akiuliza kulikoni anajibiwa kwa mkato. Jamani, kwani anakuja nani? Wanakuja majirani, wale wale wanaokuona kila asubuhi na khanga yako ukimwaga maji ya deki.

Kwa wale ambao si wenzetu katika hili, nieleze kidogo. Sisi Wakatoliki tuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kila moja na mtakatifu msimamizi wake, kila moja na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nyumba zinazokaribiana zinakutana kila wiki kusali, kwa zamu. Walutheri nao wana jumuiya zao, na ndugu zetu wa makanisa ya kilokole wana seli, au kanisa la nyumbani. Majina yanatofautiana, lakini presha ya mwenye nyumba ni moja.

Na jambo hili halikuanza juzi. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe kwenye jumuiya ndogo, pale pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Mwaka 1976 wakakutana tena Nairobi na kulifanya hilo kuwa kipaumbele. Baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, Papa Yohane Paulo II akatoa waraka wake wa mwaka 1995, Ecclesia in Africa, akilieleza Kanisa kama familia ya Mungu na kuzipa jumuiya hizi nafasi yake ndani ya familia hiyo. Ukirudi nyuma zaidi, Wakristo wa mwanzo hawakuwa na majengo ya ibada. Walikutana kwa Prisila na Akila, kwa Filemoni, na kwa mama yule mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau, Lidia, ambaye aliwakaribisha mitume nyumbani kwake. Biblia imetuhifadhia jina lake na ukarimu wake. Alichowaandalia mezani haikutaja.

Sasa njoo kwetu uone.

Mashindano yasiyo na mwamuzi

Utaratibu huanza vizuri tu. Wa kwanza anatoa chai ya rangi na karanga. Wa pili anaona aweke maziwa na maandazi. Wa tatu anaona aibu kurudi nyuma, anaongeza mayai ya kuchemsha na sambusa. Wa nne analeta soda. Akifika wa tano, kuna supu na chapati, na mtu anapiga picha meza kuweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, eti "tumebarikiwa". Hakuna aliyeitisha kikao kusema tushindane. Kiwango kinapanda chenyewe, kama nauli ya bodaboda siku ya mvua.

Tufanye hesabu kidogo. Jumuiya yenye nyumba 20 ikikutana kila wiki, zamu inakufikia mara mbili au tatu kwa mwaka. Wakija watu 25, kila mmoja maandazi mawili, tayari ni maandazi 50, bado sukari, majani, maziwa na mkaa. Kwa mwenye mshahara unaweza kusema ni sadaka. Kwa mama anayetembeza mboga mtaani, hiyo ni hela ya kununulia mzigo wa kesho.

Kuna mama mmoja namfahamu, jina lake nalihifadhi. Anaishi chumba kimoja kwenye nyumba ya kupanga, yeye na watoto watatu. Alikuwa hakosi jumuiya, na ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Karatasi ya zamu ilipotoka na jina lake likiwamo, akaanza safari. Wiki hii yuko kwa shangazi, wiki ijayo ana kikao cha shule. Zamu ikapita, akaona haya kurudi. Watu wakasema amepoa kiimani. Wengine wakasema kahamia kwa walokole.

Miezi kadhaa baadaye mtoto wake wa mwisho alilazwa siku nne. Siku nne, mama yuko peke yake wodini, na wale wakubwa wawili nyumbani wanapikiwa na mpangaji mwenzake. Nyumba 20 za jumuiya, ambazo ukiita kwa sauti wanakusikia, hazikujua. Nilipomuuliza kwa nini hakutuma hata ujumbe, alinieleza kwamba aliona aibu kuwaita watu ambao hajawahi kuwakaribisha. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Ila maneno yale mpaka leo hayajanitoka.

Maana tunajua jumuiya ni nini kwenye maisha yetu ya mjini. Ndugu wako Bukoba, Songea, Moshi. Ukifiwa saa nane usiku, anayefika kwanza ni jirani wa jumuiya. Ukitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, parokia nyingi zitakuuliza unasali jumuiya gani na kiongozi wako anakufahamu. Mtu akijiondoa kwa sababu ya maandazi, anakuwa amekosa zaidi ya sala ya nusu saa.

Kwa hiyo, tufanyeje?

Kwanza kabisa, kiwango cha chai kipangwe na jumuiya, si na mwenye nyumba. Mkae siku moja mkubaliane: maji ya kunywa tu, au chai ya rangi na kitafunwa kimoja, basi. Na kikishapangwa kihusu wote, mwenye gari na mwenye mkokoteni. Aliyejaliwa na anaona hiyo ni kidogo, kuna mfuko wa wagonjwa, atie huko kimya kimya. Jambo hili aliseme kwanza yule anayeweza kununua supu. Akilisema mwenye chumba kimoja litasikika kama ombaomba. Akilisema mwenye sebule kubwa linakuwa pendekezo.

Pili, zungumza na mwenzako kabla hujasema ndiyo. Nimeona ndoa zikinuna wiki nzima kwa ajili ya sala! Mama kakubali zamu mbele ya watu, baba anakuja kuikuta kwenye ratiba. Mwanaume ametoka kazini usiku, Jumamosi anataka alale, saa 12 na nusu asubuhi anaamshwa na zaburi. Kwetu sisi mume wangu alikuwa na swali moja tu: watakaa wapi? Nilipomwambia kazi ya viti naikabidhi kwake, akawa wa kwanza kuamka. Wanaume wengi hawana shida na jumuiya. Wanachokataa ni kuwa wageni ndani ya nyumba zao. Mpe kaka wa watu kazi inayoonekana: apange viti, asome somo, apokee watu mlangoni.

Tatu, usinunue viti. Tandika mkeka, toa kochi moja nje, watu wakae chini kama tulivyokaa kwa bibi zetu. Wazee na wajawazito ndio wapewe viti. Vikipungua, azima kwa jirani. Mtaani kwetu mwenye viti vingi vya plastiki ni jirani yetu Mwislamu, na sisi tunampelekea masufuria yake yanapohitajika kwenye futari. Ila mjulishe mapema kwamba kutakuwa na nyimbo, hasa kama ana mgonjwa au mtoto mchanga. Ngoma iachwe kanisani.

Nne, dada wa kazi asali. Hili nalisema kwa msisitizo. Sisi tumeinamisha vichwa sebuleni, binti wa watu yuko jikoni anapuliza mkaa, anaambiwa kwa ishara za mikono alete vikombe. Kama ni chai, iingie kwenye chupa kabla watu hawajafika. Binti avae gauni lake zuri akae na wenzake, naye apate nafasi ya kusema neno. Kama si wa dhehebu lenu, mwache apumzike. Na watoto vilevile, wasifungiwe chumbani kama kuku. Mkubwa asome, wadogo waimbe, wakichoka watoke wakacheze.

Tano, linda muda, na hapa nataka tuelewane. Jumuiya nyingi zinatafakari Injili kwa ule utaratibu wa hatua saba uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Tunamwalika Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, kisha hatua ya sita tunaulizana: tunaitwa kufanya nini? Ya saba ni kusali. Hiyo ya sita ndiyo mahali pa kuuliza nani hajaonekana, nani anaumwa, nani kaachishwa kazi, na nani kati yetu anakwenda kumwona. Lakini angalia kinachotokea. Harufu ya sambusa imeshafika sebuleni, mama mwenye nyumba amenyanyuka, katibu anatazama saa. Hatua ya sita inapitwa mbio kwa "tuombeane, jamani". Laiti ingepewa dakika zake kumi, mtu angeuliza mapema kwa nini yule mwanzisha nyimbo hayupo.

Sita, yaliyosemwa sebuleni kwako yabaki sebuleni kwako. Mtu akitoa machozi akieleza habari za mwanawe, hilo halijawa habari ya saluni. Mwenye nyumba una wajibu wa kwanza hapa, maana yamesemwa chini ya dari lako. Ukimsikia mtu anayarudia sokoni, mkatishe, hata kama ni shoga yako.

Na mwenye chumba kimoja je? Njia zipo. Nyumba mbili zinaweza kushika zamu pamoja: huyu anatoa uwanja, yule analeta birika. Mnaweza kusali uani au chini ya mwembe, ilimradi wapangaji wengine wameombwa. Mnaweza hata kubanana humo humo chumbani, wengine wakakaa kitandani, wengine mlangoni. Nimesali chumba cha namna hiyo, magoti kwa magoti, pazia limefungwa fundo kupitisha hewa. Hakuna aliyeuliza vikombe, na hakuna aliyesinzia!

Naomba tu tusimfanyie mtu huruma ya kumruka. "Huyu tumwache, hana nafasi" linasikika kama wema, kumbe tumemfuta kwenye orodha bila kumuuliza. Mfuateni, mmuulize angependa tuje lini na tukae wapi. Mwacheni achague. Yule mama niliyewasimulia aliulizwa hivyo, akachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uani, maji ya kunywa tu kwenye ndoo yenye kifuniko. Nyimbo alianzisha mwenyewe.

Basi wiki hii, kabla hujapanga mapazia, chukua karatasi ya zamu ya jumuiya yenu. Tafuta jina ambalo linarukwa kila mara, au ambalo halijaonekana tangu Kwaresima. Nenda kapige hodi jioni, usibebe kitu. Kaa kidogo, muulize hali, umwambie zamu yake inamsubiri na kwamba chai ni ya rangi.

Nawatakia mwezi mwema, na kila nyumba itakayopokea wageni ipokee kwa amani.