Msaliti Hakosoi, Husifu

Katika siasa zetu, neno "msaliti" limekuwa jepesi mno. Mbunge akihoji bajeti inayoungwa mkono na chama chake, ni msaliti. Mtumishi wa umma akiandika dokezo linaloonyesha kwamba mradi hautekelezeki, ni msaliti. Mwanafunzi akiuliza mkopo wake umekwama wapi, huambiwa anatumiwa. Mimi nafundisha fasihi, nami nasema wazi: wanaolitumia neno hili hivyo ama hawajasoma tanzia hata moja, ama wamesoma wakaamua kutuhadaa.

Tuanze nyumbani. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913, hakuangushwa na jeshi la mfalme. Aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa cheo na ndoa ya binti wa mfalme. Kijana huyo hakumpinga baba yake hadharani. Alimwendea kwa upole, akamuuliza kama mwana mwenye huruma ni kitu gani kinachoweza kumdhuru, akajibiwa. Kisha akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, baba akiwa usingizini.

Shakespeare anatuonyesha jambo hilohilo. Mfalme Lear aliwataka binti zake watatu watangaze mapenzi yao ili awagawie nchi. Goneril na Regan walimmiminia sifa. Cordelia alikataa kutia chumvi, akanyimwa urithi. Na Kent, mtumishi aliyethubutu kumwambia mfalme kuwa anakosea, akafukuzwa nchini. Waliosifu ndio waliomfungia mzee mlango usiku wa dhoruba. Waliofukuzwa ndio waliorudi kumsaidia. Othello naye alimwita Iago mwaminifu karibu hadi mwisho, na Macbeth alimuua Duncan akiwa mgeni nyumbani kwake, muda mfupi baada ya mfalme huyo kumpandisha cheo.

Nitajibiwa kwa Brutus: je, yeye hakuwa mtu wa msimamo? Alikuwa. Lakini hoja zake dhidi ya Kaizari alizitoa usiku, bustanini mwake, kwa watu wa njama. Mbele ya Kaizari mwenyewe alibusu mkono, kisha akachomoa jambia. Kosa lake halikuwa kupinga. Lilikuwa kupinga gizani. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthiliya hiyo mwaka 1963, akiwa rais. Mkuu wa nchi aliwapa wananchi wake kisa cha mtawala anayeuawa na rafiki zake, wala hakukiona kuwa ni uchochezi. Warithi wake wengi hukasirishwa hata na kibonzo.

Hapa ndipo penye hatari. Taasisi inayomwadhibu anayekosoa mezani haiondoi upinzani. Inauhamishia chini ya meza. Huyo wa mezani unaweza kumjibu kwa hoja. Wa chini ya meza utamfahamu siku atakapokuchoma. Na kiti kilichoachwa wazi na Kent hakikai wazi muda mrefu: hukaliwa na yule ambaye vijana wetu wamempa jina la chawa.

Kwa hiyo, ewe mkuu wa idara unayetafuta wasaliti, usianze na faili la aliyekuandikia dokezo kali. Mwangalie kwanza aliyepiga makofi kabla hujamaliza kusema. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako, na chawa haishi kwingine.