Kona ya Kompyuta: Anga Lenye Mistari

Wanachama, bango letu la Siku ya Kiswahili, 7 Julai, lina tatizo, na mchapaji anangoja faili. Anga la jioni juu ya Ziwa Ontario, badala ya kufifia polepole, limekatika mistari kama ngazi.

Hesabu ndiyo chanzo. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi. Buluu yetu inakoza kidogo tu, tuseme viwango 40. Vitandaze kwenye pikseli 2,000, kila mstari unapata upana wa pikseli 50. Lazima uonekane! Geuzeni faili iwe ya biti 16 (GIMP inaweza tangu toleo 2.10), kisha mpake anga upya, maana kugeuza peke yake hakufuti mistari iliyokwishaingia. Muda ukibana, nyunyizeni chembechembe hafifu juu yake. Mimi huzipenda hata pasipo tatizo. Anga safi mno hufanana na plastiki.

Na brashi laini inayoacha ukingo mkali? Tazama kwanza kama hukushika penseli. Kama sivyo, huenda picha ilitoka kwenye GIF, isiyojua nusu uwazi. Igeuze iwe RGB, brashi italainika.