KALAMU YA KARANI NA USALAMA WA MJI



Kila mara mji unapoingiliwa na wapigaji na wenye visu, husemwa ya kuwa askari hawatoshi. Sisi twakataa. Askari waweza kuongezwa maradufu, nao wakasimama usiku kucha penye njia isiyo na ugomvi, maana ajuaye watu wanaumizwa wapi ni hospitali, na hospitali haikuulizwa.

Tazameni mji wa Cardiff, huko Wales. Daktari mpasuaji, Jonathan Shepherd, aliona ya kuwa wengi wa majeruhi waliofika hospitali hawakuandikwa na polisi kabisa. Basi tangu 1997 polisi, hospitali na baraza la mji walikaa meza moja. Na kazi ilianzia kwa nani? Kwa karani wa mapokezi! Ndiye aliyemwuliza majeruhi: umepigwa mahali gani hasa, saa ngapi, kwa silaha gani? Majina yakaondolewa, hesabu zikapelekwa kwa wenzao. Askari wakahamishiwa mitaa ile. Vilabu vya pombe vyenye majeruhi wengi vikaangaliwa. Hata kufika 2007 waliolazwa kwa kupigwa walikuwa wameshuka kutoka 7 hata 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000, hali katika miji 14 iliyolinganishwa nao walipanda kutoka 5 hata 8.

Na sisi je? Mameya wa Afrika wenyewe ndio walioliomba Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi msaada, hata mpango wa Miji Salama ukaanzishwa 1996, na Dar es Salaam ukawa miongoni mwa miji ya kwanza. Shauri tulikuwa nalo. Walakini majeruhi wetu hubeba PF3 mkononi kutoka polisi kwenda hospitali, karatasi ya kesi ya mtu mmoja, isiyofanywa kwa kuhesabu mitaa.

Twaambiwa habari za idara ni siri. Siri ni jina la mgonjwa, si jina la njia alikopigwa. Na tuungame: ni mara ngapi sisi wenyewe tumeilaza barua ya idara nyingine chini ya faili, kwa kuwa si yetu?

Twaitaka Kamati iwaandikie wakuu wa polisi, hospitali na halmashauri mwezi huu huu, karani mmoja wa kila idara apewe ruhusa ya kukutana na wenziwe kila Jumatatu, hesabu mkononi. Fomu tutazipiga chapa wenyewe.