Ngozi ya waya na usalama wa nyumba zetu

Kila nyumba inapoteketea jijini Nairobi, kidole cha kwanza huelekezwa kwa stima. Ni nadra kusikia mtu akiuliza ngozi ya waya wenyewe imetengenezwa kwa kitu gani.

Nyaya nyingi za majumbani zimevikwa plastiki ya PVC, ambayo mpaka wake wa kawaida ni nyuzijoto 70. Molekuli zake ni minyororo mirefu isiyofungamana. Waya ukibebeshwa mzigo kupita kiasi, minyororo hiyo huteleza, plastiki hulainika, na hatimaye shaba kwa shaba hugusana.

Dawa yake imejulikana tangu miaka ya 1960. Huchukuliwa polithini, nasaba moja na mifuko iliyopigwa marufuku nchini Agosti 2017, ikachanganywa na peroksidi kidogo pamoja na kemikali iitwayo silani. Peroksidi hung'oa haidrojeni kwenye mnyororo wa polithini, na hapo palipobaki wazi, kifungo maradufu cha silani hufunguka na kujipachika. Kisha waya hutiwa katika maji moto au mvuke. Unyevu huziunganisha silani za minyororo jirani, ikawa wavu mmoja. Ajabu ni kwamba maji ndiyo yanayoikomaza plastiki hiyo dhidi ya joto!

Wavu huo hauyeyuki tena. Hustahimili nyuzijoto 90 mfululizo, na hadi 250 kwa sekunde chache hitilafu ikitokea, ilhali PVC hukomea takriban 160.

Hata hivyo, anayejenga ghorofa mtaani Jamhuri, akitia hita ya bafuni katika kila nyumba, asidhani amemaliza kazi kwa kununua waya wa aina hii. Polithini iliyofungamana bado huweza kushika moto. Swichi na soketi nyingi nazo zimeundwa kwa nyuzijoto 70, hivyo waya hauwezi kuachwa uchemke hadi 90 mahali unapokutana nazo. Isitoshe, plastiki isiyoyeyuka haiwezi kufinyangwa upya kwa urahisi. Mabaki yake huelekea jaani.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi ni waya ghushi wenye shaba nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Shaba hiyo huchemka mapema, na hakuna ngozi itakayoistahimili daima. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina wajibu wa kukagua nyaya hizo madukani kabla hazijafukiwa ukutani, mahali ambapo mpangaji hawezi kuziona.