Nani Ale Faida ya Viini Vingi?

Kwa miaka mingi, muuzaji wa programu za seva na mnunuzi wake walikuwa na ada iliyozoeleka, kwamba leseni huhesabiwa kwa kichakataji. Na kwa kuwa kila kichakataji kilikuwa na kiini kimoja tu cha kufanyia hesabu, hapakuwa na haja ya kuuliza kama kinachotozwa ni kile kipande cha silikoni, au tundu kinamopachikwa, au kazi inayofanyika ndani yake. Mambo hayo matatu yalikuwa kitu kimoja, na mizozo juu yake ilikuwa haba.

Kilichoyatenganisha ni joto. Kadiri mwendo wa vichakataji ulivyokaribia mizunguko bilioni 4 kwa sekunde, kila ongezeko lilizaa joto lisiloweza kuondolewa kwa gharama ya kuvumilika, hata Mei 2004 Intel ikauacha mradi wake wa kichakataji kilichoitwa Tejas; na wahandisi, ambao bado waliweza kuongeza idadi ya transista katika eneo lile lile, wakaona ni aula kupanga viini viwili, kisha vinne, kisha vinane, kuliko kukilazimisha kimoja kwenda mbio. IBM ilikwisha kutangulia mwaka 2001 kwa POWER4 yake yenye viini viwili, na mwaka 2005 AMD na Intel wakaufanya mpango huo wa viini viwili kuwa bidhaa ya kila soko. Leo kipo kichakataji cha AMD chenye viini 192.

Hapo ndipo ilipozuka kadhia ya nani astahiki faida ya maarifa hayo. Microsoft ilitangaza Oktoba 2004 kwamba itaendelea kuhesabu kichakataji, viini viwe vingapi. Oracle ilishika msimamo wa kukihesabu kila kiini kama kichakataji kamili, na wateja walipolalamika ikaanza mwaka 2005 kutumia vizidisho, ambapo kufikia mwisho wa mwaka ule kiini cha Intel au AMD kilihesabiwa nusu, na kile cha UltraSPARC T1 ya Sun kikahesabiwa robo. Msomaji na azingatie uzito wa jambo hili katika hesabu: toleo kubwa la hifadhidata ya Oracle limewekewa bei ya orodha ya dola 47,500 kwa kichakataji, hivyo seva yenye vichakataji viwili vya viini 8 kila kimoja hudaiwa leseni 8, yaani dola 380,000, ilhali seva ya umbo lile lile yenye vichakataji viwili vya viini 32 hudaiwa leseni 32, yaani dola 1,520,000, kabla ya punguzo lolote na kabla ya ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo ni asilimia 22 juu yake, na mashine yenyewe haigharimu ila sehemu ndogo ya fedha hizo.

Insafu yataka hoja ya muuzaji isikilizwe. Asema kwamba programu iliyohudumia watu mia sasa yahudumia elfu juu ya mashine moja, na kama angalishikilia hesabu ya tundu, mapato yake yangalipungua kila mara wahandisi wa silikoni walipopiga hatua, ilhali kazi ya kuitunza programu haikupungua. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Lakini kiini si kipimo cha kazi. Kanuni ya Gene Amdahl, aliyoieleza mwaka 1967, yabainisha kwamba ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, basi viini 64 havitaifikisha kasi mara 9, wala viini elfu havitaifikisha mara 10. Na ijapokuwa hifadhidata inayopokea maombi mengi yasiyohusiana hugawanyika vyema kuliko kazi nyingine nyingi, bado mnunuzi hulipa kwa viini vyote hata pale ambapo vingine vinangojea tu zamu.

Matokeo yake yamefika hadi viwandani. Mwaka 2021 AMD ilitoa EPYC 72F3, kichakataji chenye viini 8 tu katika umbo linaloweza kubeba 64, kikiwa na kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 256, na miongoni mwa wanunuzi wake ni wale wanaotaka kila kiini kifanye kazi nyingi iwezekanavyo kwa sababu kila kiini kina leseni yake. Yaani orodha ya bei ya programu imekuwa na amri juu ya uhandisi wa silikoni, na hilo naliona ni ufisadi wa maarifa.

Walakini dhuluma iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kipimo kubadilishwa mnunuzi akiwa amekwisha kufungwa, mfano wa mwenye duka aliyewazoeza watu pishi moja kisha akaigeuza siku ya njaa. Microsoft ile ile iliyohesabu vichakataji iligeukia viini kwa SQL Server mwaka 2012 na kwa Windows Server mwaka 2016, tena kwa kima cha chini cha viini 16 kwa kila seva, hata mwenye mashine ndogo ya viini 4 akawa alipia viini asivyokuwa navyo. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kwamba kizidisho cha nusu hakitatumika katika kompyuta za kukodi za Amazon na Microsoft, na kazi ile ile ikadaiwa leseni maradufu kwa kuhamishwa mahali tu. VMware, muuzaji wa programu za kuigawa seva moja ifanye kazi kama nyingi, nayo ilihesabu matundu hadi mwaka 2020, ilipoweka mpaka wa viini 32 kwa kila leseni. Na baada ya kununuliwa na Broadcom Novemba 2023, leseni za kudumu zikaondolewa, zikaja za kukodi zihesabiwazo kwa kiini.

Mteja aliyejenga hesabu zake zote juu ya programu hizi hahami kwa mwezi mmoja wala kwa mwaka. Kwa hiyo benki, chuo kikuu au wizara inayotia sahihi ni wajibu idai kwanza kwamba maana ya kipimo, vizidisho vyake na kima chake cha chini viandikwe ndani ya mkataba wenyewe, visiachwe katika waraka ambao muuzaji aweza kuuandika upya apendapo. Na ya pili, kwamba viini vilivyozimwa au visivyopewa programu hiyo visihesabiwe. Muuzaji akikataa, ipo hifadhidata ya PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, isiyodai ada kwa kiini chochote. Ila yahitaji watu wa kuitunza wenye ujuzi wa kutosha, na mshahara wao sharti uingizwe katika bajeti mapema, kabla mkataba wa zamani haujafika ukingoni.