Hasira Zinazotoka kwenye Dawa



Tunapowatembelea wagonjwa wa kisukari huku Mbinga na kando ya Ziwa Nyasa, mara nyingi mama mwenye nyumba hutusindikiza hadi mlangoni, kisha hunong'ona: "Nesi, baba amebadilika. Tangu aanze dawa anafoka kwa jambo dogo." Majirani wamekwisha kukata shauri kwamba ni pepo, au ni ulanzi. Sisi huuliza kwanza: hufoka saa ngapi? Na saa hiyo huwa amekula?

Sindano ya insulini na kidonge cha glibenklamidi hushusha sukari ya damu hata tumbo likiwa tupu. Ubongo nao huishi kwa sukari hiyo. Ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo cha kutoboa kidole, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio. Wengine dalili ya kwanza ni tabia: ukali, wasiwasi, kulia bila sababu, kusema ovyo kama mlevi. Lililo gumu zaidi ni kwamba hukisukuma kile chakula ambacho kingemponya. Mama, hapo usishindane naye.

Huku kwetu jambo hili lina njia zake. Mkulima humeza kidonge alfajiri, hunywa chai kavu, hupanda mlimani kulima ngoro au kuchuma kahawa hadi jua la utosi. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay hudungwa sindano jioni, kisha hukesha ziwani bila kula. Wengine hufunga Kwaresima na dawa wanameza vilevile. Wamwone daktari kabla ya kuanza. Pombe nayo hulizuia ini kutoa akiba yake ya sukari, hivyo ulanzi na tumbo tupu ni hatari maradufu.

Mkiona dalili hizo, koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au mpe nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajatulia, rudia. Akitulia ale ugali, muhogo au ndizi. Maombi tunayapenda, lakini kikombe kitangulie. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo hata akiamka vizuri sukari yaweza kushuka tena. Asiachwe peke yake siku hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema kidonge hicho hakiwafai waliovuka miaka 60. Kama babu au bibi yenu anakitumia, mwulizeni daktari kuhusu dawa nyingine.

Tafadhali msiitupe dawa kwa hasira hizo. Sukari iliyopanda nayo huchosha na kuleta ukali, na wapo wanaohuzunika kwa sababu tu ugonjwa huu hauponi. Andikeni kwenye daftari la kliniki siku, saa, alichokula na kipimo kama kipo. Daktari atajua kama apunguze dozi au abadilishe saa.

Wanaotumia metformini peke yake ni nadra sana kushukiwa na sukari. Lakini ikitumiwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Ganzi miguuni, usahaulifu na huzuni vikija pamoja, mtajieni daktari vitamini hiyo. Upungufu wake hutibiwa kwa sindano au vidonge.